“Mwache na njaa, atakula tu”: barua zenu kuhusu watoto wanaokataa chakula

Toleo lililopita nilimjibu mama mmoja ambaye mtoto wake hulia kila asubuhi akivalishwa soksi, nikasema hiyo soksi inaweza kuwa inamuuma kweli, si kiburi. Sikutarajia barua ziingie vile zimeingia. Karibu zote zinazungumzia chakula, na karibu zote zina sentensi moja ambayo mtu fulani wa familia alisema, mtaiona wenyewe. Kwa hivyo leo ukurasa wote ni wa hao watoto. Na mnijue kidogo: binti yangu sasa ana miaka 11, alipokuwa na miaka 4 alikuwa anakula vitu vyeupe peke yake, kwa hivyo haya mambo nimeyapitia kwa meza yangu mwenyewe.

Habari dada. Kijana wangu ana miaka 3 na miezi 8, tunaishi Umoja. Anakula vitu saba, nimehesabu: chipo (za kibanda kimoja tu, ukinunua kwingine anajua), mkate mweupe bila maganda, uji laini uliochujwa, biskuti, chapati nyeupe, ndizi ambayo haina doa hata moja, na maziwa, hayo anakunywa kama lita moja kwa siku. Ugali ukikaribiana na sukuma kwa sahani anatapika, si ati anajifanya, anatapika kabisa. Akisikia blenda anakimbia bedroom kujificha. Mama mkwe alikuja akasema tumemdekeza, “mwache na njaa, atakula tu.” Tukamwekea githeri asubuhi, mchana na jioni. Siku ya kwanza hakula, siku ya pili hakula wala hakunywa, usiku akawa mlegevu tukamkimbiza hospitali akawekewa drip. Bwanangu sasa hazungumzi na mamake na mimi silali. Nilimkosea mtoto? — Mama Kijana, Umoja

Dadangu, hiyo barua nimeisoma nikaiweka chini nikaenda kutembea kidogo ndio nirudi kuandika. Ulifanya kile uliambiwa na mtu mzima uliyemheshimu, na mtoto alipolegea ulimkimbiza hospitali usiku huo huo. Usijihukumu. Lakini hiyo kitu isirudiwe tena kwa hiyo nyumba, hata akija nani.

Nitakueleza kwa nini. Ile sentensi ya mama mkwe ina ukweli kwa watoto wengi. Mtoto wa kawaida wa miaka 2, 3, 4 huchagua chagua chakula, ni umri wa kuogopa vitu vipya, na ukipunguza vitafunio vya kati akaja mezani na njaa atakula kitu. Sasa mtoto wako si huyo. Kwa mtoto wako ile githeri haikuwa chakula, ilikuwa kama wewe uwekewe sahani ya udongo na mende halafu uambiwe utakula tu njaa ikikushika. Njaa haibadilishi udongo kuwa chakula. Na kuna kitu kingine watu hawakijui: mwili ukiwa na woga hamu ya kula inazimika, ndio maana hata wewe ukipata habari mbaya chakula kinakataa kushuka. Na wengine wa hawa watoto hata ile ishara ya njaa kutoka tumboni hawaisikii vizuri, wanasikia tu wako vibaya, wanakasirika na kulia, lakini kichwa hakiwaambii “hii ni njaa.”

Tulifunzwa shuleni milango ya fahamu ni mitano. Wanaofanya kazi na hawa watoto huhesabu minane, kwa sababu wanaongeza ile ya usawa wa mwili (iko ndani ya sikio, ndio hukuambia umeinama ama umesimama), ile ya misuli na maungo ambayo hukuambia mkono wako uko wapi hata ukifunga macho, na ile ya ndani inayosikia njaa, kiu, haja. Sasa fikiria kula. Ni karibu zote kwa wakati mmoja: rangi, harufu, joto, vile kitu kinateleza, sauti ya kutafuna ndani ya fuvu lako mwenyewe, na bado unatakiwa ukae wima kwa kiti bila kuanguka. Mtoto ambaye ubongo wake unapokea hayo yote kwa sauti ya juu sana, meza kwake ni kama stendi ya matatu.

Aliyeanza kupanga haya mawazo vizuri ni Jean Ayres, mtaalamu wa okupeshonali therapi (tiba ya kumsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) wa California, kitabu chake cha kwanza kikubwa kilitoka 1972. Nikuambie pia ukweli wote, madaktari mpaka leo hawajakubaliana kama shida ya sensori, yaani hii ya milango ya fahamu kupokea vitu kupita kiasi ama kidogo mno, ni ugonjwa wa kujitegemea, na kile kitabu kikubwa cha magonjwa ya akili cha Marekani hakikuiweka peke yake. Lakini kwa toleo lake la 2013 kiliweka mambo mawili yanayokuhusu: kwamba kusikia vitu kupita kiasi ama kutosikia vya kutosha ni moja ya dalili zinazoangaliwa kwa usonji (autism), na kwamba kuna hali inaitwa ARFID, yaani mtu anakwepa ama anabana chakula mpaka lishe yake inaumia, na si ati anaogopa kunenepa. Sisemi mtoto wako ana usonji. Watoto wengi wa aina hii hawana. Lakini aonekane, na nitakuambia wapi.

Angalia tena ile listi yako ya vitu saba. Mkate, biskuti, chipo za kibanda kimoja. Unaona kitu? Biskuti ya jana na ya leo na ya mwezi ujao ni ile ile, rangi ile, mlio ule. Embe la jana na la leo si ndugu hata kidogo, moja tamu moja kali moja lina nyuzi. Kitoweo cha Jumatatu kina kitunguu kikubwa, cha Jumanne nyanya ina ganda. Mtoto wako hatafuti utamu, anatafuta kitu ambacho hakitamshtua. Mimi kuelewa hiyo kitu moja kulinichukua miaka 2, na siku nilielewa niliacha kumchukia binti yangu wakati wa chakula cha jioni, kwa sababu nilikuwa nimefika hapo, wacha niseme ukweli.

Sasa kazi. Kwanza mwili uangaliwe kabla ya tabia. Mpeleke kliniki na kile kijitabu cha mama na mtoto, uzito na urefu vichorwe kwa grafu, waone kama mstari wake unapanda ama umelala. Wakipima mkono kwa ule utepe wa rangi, kwa mtoto wa chini ya miaka 5 chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo na chini ya 11.5 ni hatari. Uliza damu ipimwe kama madini ya chuma yako chini. Uliza kuhusu choo, na usione haya, mtoto mwenye choo kigumu cha siku nne hawezi kuwa na hamu ya kula. Waangalie meno, tonsili, kama asidi inampanda kooni, na kama dawa ya minyoo amepata, hiyo ni kila miezi 6. Na maziwa dada, lita moja ni mengi mno, inamshibisha na inachangia damu kupungua, shusha polepole ifike kama nusu lita kwa siku, vikombe viwili hivi, umpe baada ya kula ama kati, si kabla. Chai pia isikaribiane na chakula, inazuia chuma kuingia mwilini.

Kuna dalili ambazo hazingojei toleo lijalo la hili gazeti. Akikohoa kila anapokunywa, sauti ikiwa kama ina maji baada ya kumeza, kifua kikimsumbua mara kwa mara, uzito ukishuka, ama akianza kuacha hata vile saba vya kwake, nenda upesi. Na jua tofauti: mtoto anayetaka kutapika ana kelele, anakohoa, uso unakuwa mwekundu, huyo mwache amalizane na kitu chake ukiwa karibu. Aliyekwamwa na chakula kooni kweli ananyamaza, sauti haitoki, huyo unamsaidia saa hiyo hiyo.

Nyumbani, anza na miguu. Najua unashangaa. Mtoto ambaye miguu inaning'inia kwa kiti cha watu wazima anatumia nguvu zake zote kutoanguka, kwa hivyo weka kreti ya soda ama debe chini, nyayo zikanyage kitu. Tivi izimwe. Blenda isiwashwe kabla ya chakula chake, saga mapema akiwa nje. Kabla ya kukaa mpe kazi nzito dakika kumi: abebe kibuyu cha maji cha lita 3 kutoka mlangoni hadi jikoni, asukume kikapu cha nguo, aruke kwa godoro, akande unga wa chapati na wewe. Misuli ikifanya kazi hivyo wengi wao wanatulia, utaona mabega yanashuka.

Halafu mezani mgawane kazi. Mtaalamu mmoja wa lishe wa Marekani, Ellyn Satter, alisema kitu ambacho kilituokoa kwa nyumba yetu: wewe mzazi unaamua nini kitaliwa, saa ngapi na wapi, mtoto anaamua kama atakula na kiasi gani. Basi. Kila sahani iwe na angalau kitu kimoja kati ya vile saba, ili asione meza kama mtego. Chakula kila baada ya saa mbili na nusu hadi tatu, katikati ni maji tu. Dakika 20, 30 zikiisha unatoa sahani bila hotuba, hata kama hajagusa. Usishike pua, usimwagie uji mdomoni akiwa amelala kwa mapaja, najua ndivyo wengi wetu tulilelewa, lakini hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumfanya mtoto aogope kijiko, na uji unaweza kuingia kwa mapafu.

Kitu kipya kinaingia kwa ngazi. Leo karoti iko mezani, kwa sahani yako, mbali. Wiki ijayo iko kwa kisahani karibu naye. Baadaye anaigusa kwa uma, anaigusa kwa kidole, anainusa, anaipiga busu, anailamba, anaiuma na kuitema, na kutema ni ushindi dada, uweke kitambaa hapo cha kutemea. Kwa watoto wengi tu wa kawaida chakula kipya kinahitaji kuonekana mara 8 hadi 15 hivi ndio kikubalike, kwa wetu ni zaidi sana, kwa hivyo ukijaribu mara tatu ukaacha hujajaribu.

Na uanzie pale alipo. Anapenda chipo za kile kibanda? Nunua hizo uangalie zimekatwa vipi, ukate za nyumbani hivyo hivyo, changanya mbili za kwako kwa kumi za kule, na umwambie. Zikikubalika unaenda kwa viazi vilevile vilivyokaangwa kidogo kwa sufuria, kisha bhajia, kisha viazi karai. Chapati nyeupe anakula? Weka kijiko kimoja cha malenge yaliyopondwa kwa unga wote, rangi ibadilike kidogo tu, na umwambie, umuonyeshe ukikanda. Ongeza kijiko baada ya wiki.

Hapo kwa kumwambia nisikilize vizuri kwa sababu hili kosa nililifanya mwenyewe. Binti yangu alikuwa anakula uji mweupe, mimi nikaficha yai ndani, nikakoroga sana. Kijiko cha kwanza alinyamaza. Aliweka kijiko chini. Hakugusa uji tena kwa miezi 4, uji wa aina yoyote, kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimechukua chakula kimoja kati ya vinane vyake nikakiua, na zaidi ya hapo alianza kuchunguza kila kitu nilichompa. Usifiche kitu ndani ya chakula chake cha kuaminika.

Kwa wataalamu: unayemtafuta anaitwa OT, okupeshonali therapisti, na pia therapisti wa usemi ambaye ndiye huangalia kutafuna na kumeza, na mtu wa lishe. Hospitali kubwa za serikali hapa Nairobi kama Kenyatta wana idara hizo, wewe wa Umoja anzia Mama Lucy uombe barua ya rufaa. Kasarani kuna KISE, taasisi ya elimu maalum iliyoko tangu 1986, wanafanya tathmini ya watoto. Kabla ya kwenda andika kwa karatasi kila kitu alichokula siku 3 mfululizo, na kiasi, na vile aliitikia. Daktari akikuambia “atakua tu” bila kuangalia grafu, shukuru, toka, tafuta mwingine.

Mama mkwe mrudie nyinyi wawili, wewe na bwanako pamoja. Hakutaka mjukuu aumie. Mpeni kazi: yeye ndiye awe wa kukanda chapati na mtoto Jumamosi, bila kumwambia kula. Mikono ya shosho kwa unga ni therapi nzuri kuliko nyingi ninazozijua.

Mimi ni baba wa Rongai. Binti wetu wa miaka 5 anakula sawa, shida ni kunyolewa na matatu. Kinyozi akiwasha mashine anapiga mayowe mpaka watu wanadhani namuua, na kwa basi yenye muziki anajikunja chini ya kiti. Nimechoka kuaibika. — Baba, Rongai

Ndugu yangu, asante kwa kuandika, akina baba huandika mara chache sana. Hiyo aibu ni ya kweli, lakini jaribu kuiweka hivi: yeye hapigi mayowe kukuaibisha, anapiga kwa sababu ile mashine kwa mfupa wa nyuma ya sikio inasikika na kuuma pamoja.

Kinyozi, ongea naye muende Jumanne asubuhi duka likiwa tupu, redio imezimwa. Siku ya kwanza msinyoe. Ashike mashine ikiwa imezimwa, aiwashe mwenyewe kwa mkono wake, azime, mrudi nyumbani. Siku ya pili igusishwe begani ikiwa imewashwa. Kabla ya kunyoa mkande kichwa kwa viganja vyako, kwa kubonyeza sio kupapasa, mguso mwepesi ndio unawachoma hawa watoto, ule mzito unawatuliza. Mwambie utahesabu hadi kumi halafu mashine inatoka, na itoke kweli, hata kama upande mmoja umebaki. Na makasi yapo, hakuna sheria inasema lazima mashine. Nywele zikiingia kwa shingo mbadilishe nguo pale pale.

Matatu, zile za vijana zenye spika ziache zipite, najua barabara ya Rongai ndiyo zinapendeza zaidi nchini, lakini subiri ile iliyotulia hata kama ni dakika ishirini. Kaeni mbele karibu na dirisha, kofia ya sufu ifunike masikio ama zile headifoni za mafundi za kuzuia kelele, na begi lenye vitabu liwe mapajani mwake, uzito wake unasaidia. Mwambie kabla mtashukia wapi na vituo vingapi. Mtoto anayejua kelele itaisha lini anaivumilia zaidi.

Mtoto wangu yuko PP1 (chekechea) shule ya umma huku Dagoretti. Chakula cha Dishi na County, ule mpango wa kaunti wa chakula cha shuleni, ni kizuri na shilingi 5 nani atakataa, lakini yeye wali ukiwa umeguswa na ndengu hawezi. Mwalimu alimsimamisha mbele ya wengine mpaka amalize. Alijikojolea. Sasa hataki shule. Niende kupigana? — Mama Pili

Mama Pili, nenda, lakini usiende kupigana. Nenda saa ambayo hakuna watoto, ukae na mwalimu, maana huyo mwalimu ana watoto wengi darasani na huenda hakuna mtu amewahi kumwambia kuna watoto wa namna hii. Mwambie kilichotokea bila kupunguza: alijikojolea, anaogopa shule. Hilo la kusimamishwa mbele ya wenzake lazima liishe, hapo usilegee. Kama halitaisha panda kwa mwalimu mkuu.

Halafu omba vitu vitatu vidogo tu. Wali wake upakuliwe kabla ya ndengu, ama ndengu ziwekwe kwa kikombe kando. Mpe wewe kibakuli chenye sehemu mbili, hizo za plastiki zinauzwa kila mahali. Akae mwisho wa benchi karibu na ukuta, si katikati ambako anasukumwa pande zote. Na mwalimu asiseme “kula”, aseme tu “kaa na wenzako.” Asubuhi kabla ya shule ashibe chakula chake cha kuaminika ndio mchana usiwe vita, na akitoka awe na kitu kinamngoja.

Andika haya kwa karatasi moja, upande mmoja. Nilipompelekea mwalimu wa binti yangu karatasi kama hiyo, na juu yake nikaandika kwanza mambo matatu mtoto anayoyafanya vizuri, aliibandika ndani ya kabati lake, na hatukuzungumza tena kuhusu chakula mwaka mzima. Kama mtoto anahitaji usaidizi zaidi ya huo, kuna vituo vya tathmini vya elimu vinaitwa EARC, uliza ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kilichoko karibu nawe, barua yao ina uzito shuleni.

Na huyo mtoto wiki ya kwanza mpeleke mwenyewe, ubaki nje ya dirisha hadi saa ya chakula ikiwezekana, akuone.

Nimelea watoto 6 na wajukuu 9. Hakuna hata mmoja alikuwa na hizi sensori zenu. Walikula kilichopikwa. Mnawaharibu watoto. — Shosho, Kangemi

Shosho, nakusalimu kwa heshima, na barua yako nimeiweka makusudi kwa sababu unasema kile wengi wanafikiria.

Watoto 15 wote wakala, Mungu ashukuriwe. Lakini nikuulize, kwa kijiji chenu hakukuwa na yule mtoto mmoja aliyeitwa mkaidi, mwembamba siku zote, asiyevaa sweta hata kwa baridi ya Julai, aliyekuwa anakula ugali mkavu peke yake nyuma ya jikoni? Kwetu alikuwepo, alikuwa mjomba wangu. Alichapwa kwa sababu ya chakula mpaka akaacha kuja mezani. Leo ni mzee wa miaka 60 na zaidi na bado anakula ugali na maziwa tu, na mamake, shosho yangu, kabla hajaondoka aliniambia angejua asingemchapa. Kwa hivyo walikuwepo hawa watoto, jina tu ndilo halikuwepo.

Na kitu kingine shosho. Ushago mtoto alikuwa anabeba maji, anapanda miti, anakanyaga matope, anachunga, anakaa chini miguu imekunjwa na kula kwa mkono akiwaona wengine kumi wakila kitu hicho hicho. Hayo yote ndiyo OT anayajaribu kuyarudisha kwa mtoto wa bedsita ya ghorofa ya nne ambaye kukanyaga nyasi kwake ni safari. Wewe ulikuwa unayafanya bila kuyaita therapi. Ukija Nairobi kwa wajukuu wapeleke nje wachafuke, halafu mezani usimlazimishe yeyote. Nitashukuru ukiniandikia vile imeenda.

Mimi ni dada wa kazi South B. Mtoto ni wa miaka 2 na nusu, bila katuni kwa simu hafungui mdomo. Namwekea, anafungua, namlisha, anamaliza bakuli yote. Mama yake anafurahi kuona bakuli tupu lakini mimi naona kama hajui anakula. Niseme? — Dada, South B

Umeona kitu ambacho watu wengi waliosoma hawakioni, na ndiyo, useme. Mtoto anayelishwa akiangalia simu anameza, lakini hajifunzi harufu wala ladha wala kushiba, siku simu ikizima chaji chakula nacho kinaisha. Na kwa mtoto ambaye hatafuni vizuri, kumlisha bila yeye kuangalia kinachoingia mdomoni ni hatari ya kupaliwa.

Usiitoe mara moja. Anza na mlo mmoja, ule ambao yuko mchangamfu, pengine saa nne asubuhi. Chakula anachokipenda zaidi, simu iwe chumba kingine, wewe ukae chini naye na ule kutoka kwa sahani yako kitu kilekile. Mpe kijiko chake na kitu cha kushika kwa mkono, kipande cha ndizi ama kiazi laini. Njugu nzima hapana kwa huo umri, na smokie ama zabibu ukimpa kata kwa urefu, si viduara. Atakula vijiko vitatu siku ya kwanza. Bakuli halitaisha, na hapo ndipo mama yake atashtuka, kwa hivyo mwambie kabla, si baada. Mchague jioni moja hajachoka, umwambie hivi: “Mama, nataka kujaribu kitu kwa wiki mbili na nitaandika kila anachokula.” Uandike kweli, kwa daftari, na saa. Jumapili mkae naye mlisome pamoja, na mkipeleka mtoto kliniki hilo daftari liende nanyi.